John von Neumann na Rasimu ya EDVAC

1.0 Utangulizi

Ni hati chache katika historia ya sayansi ya karne ya ishirini zilizokuwa na taathira kubwa na sura duni kwa wakati mmoja kama ile iliyotolewa na Chuo Kikuu cha Pennsylvania, mjini Philadelphia, tarehe 30 Juni 1945. Ilikuwa na kurasa 101 zilizopigwa taipu. Haikumalizika, haikuwa na neno la shukrani, na mahali pengi ambapo mwandishi alikusudia kumwelekeza msomaji kwenye sehemu nyingine ya maandishi paliachwa mabano matupu. Jalada lilibeba jina la mtu mmoja tu, John von Neumann. Hata hivyo, hati hiyo ijulikanayo kama Rasimu ya Kwanza ya Ripoti kuhusu EDVAC ndiyo iliyoeneza kwa mara ya kwanza maelezo kamilifu kiasi ya kompyuta ambayo amri zake na tarakimu zake hukaa pamoja katika kumbukumbu moja.

Makala haya yanasimulia maisha ya mwandishi wa hati hiyo, na kwa makusudi yanairefusha miaka michache na kuifupisha mingi. Wasifu wa von Neumann kama mwanahisabati umeandikwa mara nyingi. Suala ambalo halijapewa uzito unaostahili miongoni mwa wanaolishughulikia neno ni lile la uandishi wenyewe: mtu anayekipa kitu maelezo na istilahi ana haki gani juu ya kitu hicho, ikiwa kilibuniwa na wengine, au na wengi? Swali hilo liliwagombanisha watu waliokuwa wakifanya kazi chumba kimoja, na hatimaye likafikishwa mahakamani.

2.0 Kutoka Budapest hadi Princeton

Alizaliwa Budapest tarehe 28 Desemba 1903 katika familia ya Kiyahudi yenye uwezo. Baba yake, Miksa Neumann, alikuwa mtu wa benki. Mama yake aliitwa Margit Kann. Kwa desturi ya Kihungaria, ambayo hutanguliza jina la ukoo, mtoto aliitwa Neumann János. Mwaka 1913 baba alitunukiwa hadhi ya ukabaila na mfalme Franz Joseph, na János alipokuwa Ujerumani hadhi hiyo ikachukua umbo la Kijerumani, akawa Johann von Neumann. Alipohamia Marekani akawa John. Majina hayo matatu yanatosha kuonyesha mkondo wa maisha yake.

Baba hakuamini kuwa hisabati ingemlisha mwanawe. Hivyo kijana akasoma mambo mawili kwa pamoja: uhandisi wa kemia katika chuo cha ufundi cha Zurich, na hisabati katika Chuo Kikuu cha Budapest. Mwaka 1926 alihitimu kote kuwili, huku shahada yake ya udaktari ikiwa ni ya nadharia ya seti. Alifundisha Berlin na Hamburg, na mwaka 1932 kikatoka kitabu chake cha misingi ya kihisabati ya mekanika ya kwanta. Yamkini elimu hiyo ya mapema ya kuweka misingi, yaani kutafuta ni kauli ngapi chache zinazotosha kuzaa nadharia nzima, ndiyo iliyompa mtindo wa uandishi utakaoonekana baadaye katika Rasimu.

Alianza kufundisha Princeton mwaka 1930, na mwaka 1933 akawa miongoni mwa maprofesa wa kwanza wa Taasisi ya Taaluma za Juu ya mji huo, pamoja na Albert Einstein. Mwaka 1937 alipata uraia wa Marekani. Ndoa yake na Mariette Kövesi, aliyemzalia binti mmoja, ilivunjika mwaka huohuo. Mwaka uliofuata alimwoa Klára Dán, ambaye naye alizaliwa Budapest, na ambaye baadaye alikuwa mmoja wa watu wa mwanzo kabisa kuandika programu za kompyuta.

3.0 Mashine bila maandishi

Vita vilimgeuza von Neumann kuwa mshauri wa jeshi. Tangu mwaka 1943 alikuwa akienda Los Alamos, katika jimbo la New Mexico, ambako bomu la atomiki lilikuwa likitengenezwa. Milinganyo ya mawimbi ya mlipuko haikuwa na utatuzi wa kalamu na karatasi. Ilihitaji mahesabu mengi mno, na mashine za kadi za matundu zilizokuwapo zilikwenda polepole. Kwa hiyo alikuwa mtu mwenye njaa ya mashine.

Katika majira ya joto ya mwaka 1944, kwenye kituo cha treni cha Aberdeen, Maryland, alisalimiwa na ofisa mmoja wa jeshi aliyekuwa mwanahisabati, Herman Goldstine. Katika mazungumzo Goldstine alimweleza kuwa huko Philadelphia, katika Kitivo cha Moore cha uhandisi wa umeme, ilikuwa ikijengwa mashine ya elektroniki ya kufanya mahesabu ya mizinga. Mashine hiyo ilikuwa ENIAC. Wabunifu wake walikuwa John Mauchly, mwanafizikia, na J. Presper Eckert, mhandisi kijana aliyekuwa hajatimiza miaka 26.

ENIAC ilikuwa na valvu zipatazo 18,000 na iliweza kujumlisha mara 5,000 kwa sekunde moja. Lakini kasoro zake ziliwadhihirikia wajenzi wake kabla haijakamilika. Mosi, pamoja na valvu zote hizo, hazina yake ya ndani ilikuwa ni vikusanyio 20, kila kimoja kikishika namba moja ya tarakimu kumi. Pili, na hili ndilo kubwa zaidi, mashine haikuambiwa la kufanya kwa maandishi. Iliambiwa kwa waya. Kila swali jipya lilidai nyaya zichomolewe na kuchomekwa upya, na swichi zipangwe moja moja, kazi iliyochukua siku nzima au zaidi, ilhali hesabu yenyewe ilimalizika kwa dakika. Wanawake sita waliochaguliwa kuipanga mwaka 1945 hawakupewa kitabu cha maelekezo, kwani hakikuwapo. Walijifunza kwa kusoma michoro ya saketi na kuwauliza wahandisi. Mwongozo wa kiufundi wa ENIAC, ulioandikwa na Adele Goldstine, mkewe Herman, ulitoka mwaka 1946, baada ya mashine kuanza kazi.

Ni muhimu kutambua kuwa Eckert na Mauchly walikwisha kuliona tatizo hili kabla von Neumann hajafika. Katika hati fupi ya Januari 1944 Eckert alikuwa ameeleza juu ya mashine ambayo maelekezo yake yangehifadhiwa ndani yake. Ni yeye pia aliyetoa njia ya kupata hazina kubwa kwa gharama ndogo. Katika kazi yake ya rada alikuwa ametumia bomba la zebaki: mipigo ya umeme hugeuzwa kuwa mawimbi ya sauti upande mmoja wa bomba, husafiri polepole ndani ya zebaki, hupokelewa upande wa pili, huongezwa nguvu, na kurudishwa mwanzo. Mipigo inayozunguka hivyo haipotei, inakumbukwa. Bomba moja lingeweza kushika tarakimu elfu moja za mfumo wa sifuri na moja, kwa valvu chache tu. Kutokana na wazo hilo mashine ya pili, EDVAC, ilianza kupangwa.

4.0 Rasimu

Tangu mwishoni mwa 1944 von Neumann alihudhuria mikutano ya Kitivo cha Moore, na katika majira ya kuchipua ya 1945 mijadala juu ya mpangilio wa EDVAC ilipamba moto. Kisha akaahidi kuyaweka maelezo yote kwenye karatasi. Aliyaandika kwa mkono, sehemu kubwa akiwa Los Alamos, akayatuma kwa posta Philadelphia, na Goldstine akasimamia upigaji taipu.

Wahandisi walikuwa wamezoea kueleza mashine kwa valvu, vipinga-umeme na nyaya. Von Neumann alifanya jambo lingine kabisa. Aliiacha saketi pembeni na kuchukua kama chembe ya msingi ya maelezo yake kitu cha kufikirika, chenye hali mbili tu, kinachosisimka au kutosisimka baada ya muda maalumu. Alikiazima kutoka katika makala ya mwaka 1943 ya Warren McCulloch na Walter Pitts, waliokuwa wameeleza seli za neva kwa alama za mantiki. Kwa njia hiyo aliweza kueleza jinsi ya kujumlisha, kuzidisha na kuhifadhi bila kujifunga kwa kifaa chochote cha mwaka 1945. Valvu zimekwisha kupita. Maelezo hayo bado yanasomeka. Kwa maneno ya kiisimu, alitenganisha muundo na dutu inayoubeba, kama vile mwanafonolojia anavyotenganisha mfumo wa fonimu na mitetemo ya hewa. Kulinganisha huku si mapambo tu. Usanifu wa kompyuta kama taaluma, yaani kule kuweza kusema kwamba mashine mbili zilizotengenezwa kwa vifaa tofauti ni za aina moja, kunategemea utengano huo.

Aliigawa mashine katika viungo. Cha kwanza kilikuwa cha hesabu, cha pili cha udhibiti, cha tatu kumbukumbu. Kisha vikafuata cha kuingiza na cha kutoa, pamoja na chombo cha nje cha kunakilia. Vitatu vya mwanzo alivifananisha na neva za ndani zinazounganisha, na vile vya kuingizia na kutolea na neva za hisi na za mwendo. Sitiari hii ya mwili ndiyo iliyoacha alama ya kudumu katika msamiati. Wahandisi wa Kimarekani walikuwa na maneno mengine ya kuitia hazina ya mashine, na Waingereza kwa muda mrefu walipendelea neno la ghala. Lakini kumbukumbu ilishinda, na kutoka Kiingereza ikahamia lugha nyingine nyingi. Mswahili anayesema leo kuwa kumbukumbu ya kompyuta yake imejaa anaitumia sitiari hiyohiyo, iwe kompyuta hiyo anaiita tarakilishi au la.

Undani wa mpangilio unastahili kuelezwa, maana hapo ndipo uamuzi mgumu ulipofanyika. Kumbukumbu ilikusudiwa kuwa na mabomba 256 ya zebaki, kila moja likishika mafungu 32, yaani mafungu 8,192 kwa jumla, na kila fungu lilikuwa na tarakimu 32 za sifuri na moja. Tarakimu ya kwanza ya fungu ilieleza aina yake: sifuri kwa namba, moja kwa amri. Zilizobaki, kwa upande wa namba, zilikuwa alama ya chanya au hasi na tarakimu 30 za thamani. Anwani ya fungu lolote iliweza kuandikwa kwa tarakimu 13. Vivyo hivyo, mashine ilikuwa na kinga ya kipekee: namba ilipopelekwa mahali palipokaa amri, haikuifuta amri nzima, bali ilibadilisha anwani iliyomo tu. Programu ingeweza kujirekebisha bila kujiharibu. Hata uamuzi wenye masharti ulipitia njia hiyo. Hapakuwa na amri ya kuruka kwa sharti. Palikuwa na amri ya kuchagua moja kati ya namba mbili kwa kutazama alama ya tokeo, na namba iliyochaguliwa iliweza kuingizwa katika anwani ya amri nyingine. Wanaozijua kompyuta za baadaye wataona kwamba njia hii ni ya mzunguko mno. Lakini ni ya uchumi mkubwa, na inadhihirisha jinsi alivyopenda kupata mengi kutokana na machache.

Jambo jingine aliloling'ang'ania ni kufanya tendo moja kwa wakati mmoja. ENIAC ilikuwa na sehemu nyingi zilizofanya kazi sambamba, na ugumu wa kuipanga ulitokana kwa kiasi fulani na hilo. Rasimu ilisisitiza urahisi wa vifaa, hata kama kasi ingepungua.

Katika mwaka huohuo wa 1945 aliijaribu lugha yake ya amri kwa kuandika programu. Hakuchagua hesabu ya mlipuko, bali upangaji wa data kwa mfuatano, kwa kuwa alitaka kujua kama mashine ya namba ingeweza kazi isiyo ya namba. Mswada huo wa kurasa 23, ulioandikwa kwa wino, ulichambuliwa na Donald Knuth mwaka 1970.

5.0 Jina moja jaladani

Goldstine aliisambaza Rasimu. Nakala 24 zilitolewa kwanza kwa waliohusika na mradi, kisha nyingine zikaenda mbali zaidi, hadi Uingereza. Haikupigwa muhuri wa siri, ingawa mradi wenyewe ulikuwa wa siri. Majina ya Eckert na Mauchly hayakuwamo.

Watetezi wa von Neumann husema kwamba hakuikusudia kuwa chapisho. Ilikuwa rasimu ya mezani kwa ajili ya wenzake, na mabano matupu ni ushahidi wa kutosha. Hoja hiyo ina uzito. Lakini haijibu kwa nini, miaka ilipopita na hati ikasomwa kila mahali, hakuona haja ya kurekebisha dhana iliyoenea kuwa mawazo yote yalikuwa yake. Eckert na Mauchly nao waliandika ripoti yao juu ya EDVAC mwezi Septemba 1945, na humo walieleza waziwazi mchango wa von Neumann katika mijadala ya udhibiti na amri. Ripoti yao iliwekewa vikwazo vya siri, ikasomwa na wachache. Basi waliomtaja mwenzao hawakusomwa, na yule asiyewataja akasomwa na wote.

Madhara hayakuwa ya heshima peke yake. Chuo kilipodai waachie haki zao za uvumbuzi, Eckert na Mauchly walikataa, wakaondoka tarehe 31 Machi 1946 kwenda kuanzisha kampuni. Mwaka huohuo von Neumann naye aliwasilisha kwa jeshi madai yake ya uvumbuzi. Tarehe 8 Aprili 1947 pande zote zilikutana na wanasheria wa jeshi, na uamuzi uliotolewa ukawashangaza wote: kisheria Rasimu ilikuwa chapisho, muda wa mwaka mmoja ulioruhusiwa na sheria ya Marekani kuomba hataza baada ya kuchapishwa ulikuwa umepita, na kwa hiyo yaliyomo ndani yake hayakuweza kumilikiwa na mtu yeyote. Hataza ya ENIAC, iliyoombwa na wabunifu hao wawili, nayo ilibatilishwa na mahakama ya Minneapolis mwaka 1973, na Rasimu ilikuwa miongoni mwa vielelezo.

Kwa hiyo hati isiyomalizika iliwanyima watu wawili mali waliyoitolea jasho, na papo hapo ikaifanya kompyuta kuwa urithi wa kila ajuaye kusoma. Si rahisi kuyatenga mambo hayo mawili. Maurice Wilkes wa Cambridge aliazimwa nakala kwa usiku mmoja mwezi Mei 1946. Kwa kuwa hakuwa na namna ya kuinakili, alikesha akiisoma, na mwezi Mei 1949 mashine yake, EDSAC, ilifanya kazi. Alan Turing aliirejelea katika mapendekezo yake ya mashine ya ACE. EDVAC yenyewe ilichelewa. Ilipelekwa Aberdeen mwaka 1949, na ilipoanza kazi mwaka 1951 ilikuwa na mafungu ya tarakimu 44 na mpangilio wa amri uliotofautiana sana na ule wa Rasimu. Mashine iliyoelezwa katika kurasa zile 101, kwa umbo lake kamili, haikujengwa kamwe.

6.0 Princeton: mashine na maandishi yake

Yamkini von Neumann alijifunza kitu kutokana na ugomvi huo, kwani kazi yake iliyofuata ilikuwa na tabia tofauti. Huko Princeton alianzisha mradi wa mashine ya Taasisi, na tarehe 28 Juni 1946 ikatoka ripoti ya usanifu wake ikiwa na majina matatu: Arthur Burks, Herman Goldstine na yeye mwenyewe. Hii ni hati iliyokomaa. Kila uamuzi unaelezwa pamoja na sababu yake na pamoja na njia zilizokataliwa. Fungu, ambalo sasa linaitwa neno, lina tarakimu 40, zinazosomwa zote kwa pamoja badala ya kupita foleni katika zebaki. Neno moja linabeba namba moja au amri mbili za tarakimu 20. Mwanaisimu atavutiwa na istilahi hiyo ya neno, ambayo haina uhusiano wowote na maana, na ambayo mpaka wake umewekwa na idadi ya nyaya tu.

Kati ya 1947 na 1948 yeye na Goldstine walitoa juzuu tatu kuhusu kupanga na kuandika programu, ambamo walitumia michoro ya mtiririko, visanduku vilivyounganishwa kwa mishale, ili kuonyesha njia ya udhibiti. Michoro hiyo ilitumika katika ufundishaji wa kompyuta kwa miongo mingi baadaye. Ripoti hizi zilitumwa bure kwa taasisi za nchi nyingi, na waandishi wake waliziweka makusudi katika milki ya umma.

Ujenzi, uliosimamiwa na mhandisi Julian Bigelow, ulikuwa mgumu. Kumbukumbu iliyopangiwa maneno 4,096 ilipungua hadi 1,024, tena kwa kutumia mirija ya picha iliyobuniwa Manchester na Freddie Williams, baada ya mirija iliyosubiriwa kutoka kampuni ya RCA kuchelewa. Mashine ilizinduliwa rasmi Juni 1952. Lakini kufikia wakati huo ripoti ilikuwa imekwisha kuitangulia. Ndugu zake zilijengwa Los Alamos, Illinois, Stockholm, Sydney na Rehovot, na ile ya shirika la RAND ikapewa jina la JOHNNIAC kwa heshima yake. Hazikuwa nakala, programu ya mashine moja haikuweza kuendeshwa kwenye nyingine bila marekebisho. Zilikuwa lahaja za lugha moja, na kilichoziunganisha kilikuwa karatasi.

7.0 Miaka ya mwisho

Mwaka 1955 aliapishwa kuwa mjumbe wa Tume ya Nishati ya Atomiki ya Marekani. Msimamo wake katika siasa za silaha ulikuwa mkali, na hauwezi kupambwa. Mwaka huohuo aligunduliwa kuwa na saratani. Alikuwa amealikwa kutoa mihadhara katika Chuo Kikuu cha Yale, na mada aliyoichagua ilimrudisha kwenye sitiari ya Rasimu: ulinganisho wa kompyuta na ubongo. Safari hii alitaka kuipima sitiari badala ya kuitumia tu. Katika mswada huo alionyesha kwamba ubongo hufanya mengi sambamba, hauhitaji usahihi wa tarakimu nyingi, na yaelekea lugha yake ya ndani si ile ya hisabati iliyozoeleka. Kwa maneno mengine, alianza kubomoa mfanano alioujenga mwenyewe miaka kumi iliyotangulia.

Hakuwahi kuitoa mihadhara hiyo. Alihamishiwa hospitali ya jeshi ya Walter Reed mjini Washington, akaendelea kuandika hadi nguvu zilipomwishia. Alifariki tarehe 8 Februari 1957, akiwa na umri wa miaka 53. Mswada wa Yale ulichapishwa mwaka 1958 jinsi alivyouacha, bila sehemu ya mwisho, ukiwa na dibaji ya Klára. Rasimu ya EDVAC ilingoja zaidi: toleo lililosahihishwa makosa ya upigaji taipu lilichapishwa katika jarida la historia ya kompyuta mwaka 1993, miaka 48 baada ya nakala zile 24, na bado jaladani lilikuwa na jina lilelile moja.